Kichupa Chekundu Bila Lebo

Niliacha shule nikiwa darasa la saba, na tangu hapo nimesoma maboksi na magunia zaidi ya vitabu. Awendo nilishona midomo ya magunia kwenye ghala, nikauliza hadi nikajua kila namba iliyopigwa mhuri ni ya nini. Homa Bay nilipanga samaki kwenye barafu. Nyatike niliponda mawe ya dhahabu kwa miezi michache, na pale pia nilisoma vibandiko vya mitungi ya kemikali mpaka msimamizi akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Sikai mahali pamoja. Kazi ikishaeleweka, naiacha.

Mwaka huo, mvua za kwanza zilipoanza, sikuwa na kazi yoyote, nikaenda kukaa kwa dada yangu nje kidogo ya mji wa Migori. Dada alikuwa na saratani ya titi. Mimi nilijua, mwanawe aliye Nairobi alijua, basi. Alikuwa akienda kliniki moja mjini Homa Bay kila baada ya wiki tatu kuchomwa dawa, na alipofunga kitambaa kichwani ili kuficha nywele zilizonyonyoka, aliwaambia watu wa boma kwamba ana kipandauso na upepo unamuumiza.

Dozi mbili za kwanza zilikwisha salama. Ya tatu ilicheleweshwa wiki moja kwa sababu damu yake ilikuwa chini. Daktari alimwambia waziwazi kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kulegea, na dozi ikiruka tena utapata nafasi ya kukaza. Damu ikapimwa upya, ikafaa. Akapangiwa Jumanne, siku pekee ambayo kliniki ile ilichanganya dawa hizo, na mwisho wa kuchanganya ni saa tisa na nusu alasiri. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti safari hii: kati ya dawa mbili alizochomwa, ile ya unga angeikuta kliniki, lakini ile nyekundu alitakiwa aende nayo mwenyewe, kama walivyofanya wagonjwa wengine. Tuliinunua Jumatatu kwenye duka la dawa mjini Migori.

Mwenye duka aliitoa kwenye friji ikiwa ndani ya boksi dogo. Nilimwomba niishike. Upande mmoja uliandikwa jina la dawa, refu, na chini yake jina jingine la kampuni. Kisha miligramu ngapi kwenye mililita ngapi. Kisha maneno kwamba ni ya mshipa wa damu pekee. Upande wa pili ulisema ikae kwenye baridi lakini isigande, ikingwe na mwanga. Mwisho wa boksi, mahali ambapo kifuniko kinaingia, palikuwa na namba ya bachi na tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kuisha, zimepigwa kwa mashine bila rangi, unazisoma kwa kuinamisha boksi. Pembeni palikuwa na alama ya onyo, kwamba hii ni sumu kwa chembe hai. Ndani, kichupa kilikuwa na lebo yake yenye maneno yale yale kwa herufi ndogo zaidi, na karatasi ya maelezo imekunjwa mara nyingi kiasi kwamba ukiikunjua hairudi ilivyokuwa. Nilijaribu.

"Huyu ndugu yako ni mfamasia?" mwenye duka akamuuliza dada.

"Huyu ni mtu wa kuuliza tu," dada akasema. "Ukimpa chumvi atasoma pakiti."

Lazima nieleze jambo la boma lile, ingawa si la boma lile tu. Mume wa dada, ambaye sasa ni marehemu, alimeza dawa za virusi vya Ukimwi kila siku kwa miaka mingi, kutoka kwenye kopo jeupe la hospitali. Wakati huo mtu aliyeonekana na kopo lile alijulikana ana nini, na watu walibadilisha vikombe. Kwa hiyo kopo likifika nyumbani liliwekwa kwenye maji ya uvuguvugu, lebo ikalainika, ikatolewa kwa kucha, na kipande cha mwisho cha gundi kikasuguliwa kwa majivu. Majirani wengi walifanya hivyo. Mpaka leo ukiingia kwenye nyumba nyingi za kule utakuta makopo meupe yasiyosema chochote, na mwenye nyumba anajua kila moja kwa mahali lilipokaa. Dada alikuwa hodari wa kazi hiyo. Kwake hata chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa uchi.

Jumanne alfajiri alikuwa na kazi jikoni kabla sijaamka. Nilipotoka kuosha uso, kichupa kilikuwa kimekauka juu ya kitambaa, kimetakata, chekundu kama sharubati, na boksi na ile karatasi ya mikunjo mingi vilikuwa majivu ndani ya jiko. Nilikiona. Nakumbuka hata nilifikiri kwamba gundi imetoka yote, kazi safi. Sikusema kitu. Ilikuwa nyumba yake, na nilikuwa nimeona chupa nyingi zikioshwa humo, moja zaidi haikunishangaza. Akakifunga kwa soksi nyeusi, akakitia kwenye thermosi yenye maji baridi, tukaondoka.

Kliniki muuguzi alimpima presha, akamweka kwenye kiti, akaomba dawa. Dada alitoa thermosi, akatoa soksi, akatoa kichupa. Muuguzi akakizungusha mara mbili.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ile nyekundu."

"Nyekundu naiona. Nauliza ni nini."

"Ile ambayo mmekuwa mkinichoma."

"Karatasi yake iko wapi?"

"Nilitoa."

"Ulitoa kwa nini?"

Dada alitazama ukuta. "Watu wangesoma," akasema.

Mzee aliyekuwa kwenye kiti cha pili, mwenye dripu mkononi, akacheka kwa pua. "Huyo ameficha ugonjwa mpaka daktari naye amefichwa," akamwambia mkewe, na mkewe akampiga kidogo gotini anyamaze.

Muuguzi hakucheka. Alimwita mfamasia, mwanamke mrefu mwenye glavu mbili mbili, moja juu ya nyingine, ambaye alitoka kwenye chumba cha kuchanganyia akiwa amekasirika kwa kuitwa. Alisikiliza. Akauliza boksi liko wapi, nikamwambia limechomwa. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewasha kiberiti.

Nilimwambia tunaweza kumpigia mwenye duka. Tulimpigia, akathibitisha kwamba jana alimuuzia mama huyu dawa hiyo, akataja jina lake na nguvu yake. Mfamasia alimshukuru, akakata simu.

"Yeye aliuza chupa yenye jina," akasema. "Hii siyo aliyoiuza."

"Daktari, ni hiyo hiyo," nikasema. "Mimi mwenyewe niliisoma jana."

Alirudi chumbani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Akatoka na vichupa viwili kwenye sinia, vya wagonjwa wengine, kila kimoja kikiwa na kibandiko cha mwenyewe. Akazifunika lebo kwa vidole na kuviinua dirishani.

"Kimoja ni dawa yenu. Kingine ni ndugu yake, dozi yake ni tofauti kabisa. Ukikosea, moyo wa mtu unalipa. Wewe unayesoma, chagua."

Nilisogea karibu. Wekundu ulikuwa ule ule. Kioo kile kile, kifuniko cha alumini kile kile, kimo kimoja. Nilitafuta hata tofauti ya mapovu. Nilisema siwezi.

"Hata mimi siwezi," akasema, "na nimesomea." Akavishusha. Kisha akachukua kichupa chetu, akakitia kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoandikwa hatari, na mfuniko ukajifunga wenyewe. Dada alikisindikiza kwa macho mpaka kilipoingia.

"Sasa," mfamasia akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua makali, "ukiniletea nyingine kabla ya saa tisa na nusu, ndani ya boksi lake, nitaichanganya. Ikipita hapo ni Jumanne ijayo, na damu tutaipima tena."

Ilikuwa saa nne na robo. Kutoka Homa Bay hadi Migori, kupitia Rodi na Rongo, ni kama saa mbili kama gari halikai steji. Na magari hukaa; nikienda na kurudi nisingewahi. Ilibidi mtu aliyeko Migori anunue na kuituma kwa gari, jinsi watu wanavyotuma vitu kila siku: unaipeleka ofisi ya magari, karani anaandika, dereva anaibeba, mwenyewe anaipokea mwisho wa safari. Lakini mtu huyo alitakiwa awe mjini saa ile, awe na simu ya kupokea picha ya karatasi ya daktari, na asiwe wa kuzubaa. Dada alipitisha kidole kwenye majina ya simu yake, akashuka mpaka chini, akapanda tena. Nilijua anamkwepa nani. Mke mwenzake ana kibanda cha nguo za watoto sokoni, hatua chache kutoka duka lile la dawa.

Wake wenza hawa wanaishi boma moja, nyumba zinatazamana. Hawajawahi kupigana. Hawajawahi pia kula sahani moja, isipokuwa kwenye matanga. Ugonjwa wa aina ile, kwa maneno ya kule, una maelezo mengi, na yote yanaanza na swali la umekosea nini. Dada hakutaka swali hilo litoke nyumba ile ya mbele.

"Mpigie," nikamwambia.

"Na wewe, omera, ndugu yangu, hujui kunyamaza."

"Saa inaenda."

Akapiga. Aliweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo benchi zima lilisikia. Waliongea Kijaluo, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Mikayi," mke mwenza akaitikia, kwa jina la heshima la mke wa kwanza, lakini heshima yenyewe ilikuwa kavu. "Leo umekumbuka namba yangu."

"Nataka unichukulie dawa kwa duka, uitume Homa Bay."

"Dawa gani?"

"Nitakutumia picha."

"Picha nitaiona. Nauliza ni ya nini. Niingie kwa duka la mtu kama bubu?"

Yule mzee wa dripu alikuwa ameacha kujifanya hasikilizi. Mkewe pia.

"Ni ya saratani," dada akasema. "Ya titi."

Upande wa pili zilisikika kelele za soko, mtu akitaja bei ya kitu, pikipiki. Kisha:

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Kwa hivyo ndiyo maana hujapanda."

Hilo nalo ni la kule. Mvua ikinyesha, mke wa kwanza ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza. Wa pili hawezi kumtangulia hata kama shamba lake limelowa na mbegu zinaota kwenye debe. Dada alikuwa amekosa nguvu ya kushika jembe, na hakusema. Mke mwenza alikaa na mbegu zake akihesabu mvua zinazopita, akaamini anakomolewa.

"Nimekuwa mgonjwa," dada akasema.

"Na mimi nimekutukana mwezi mzima."

"Nimesikia."

"Ulisikia?"

"Unatukania karibu na dirisha langu. Ningekosaje kusikia?"

Mke wa yule mzee akacheka, akaziba mdomo. Hata muuguzi aliinamia karatasi zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Tuma picha," mke mwenza akasema. "Na pesa ya dawa tutaongea wenyewe, usiniletee haya mambo ya kulia." Hakuna aliyekuwa akilia. Simu ikakatika.

Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kungoja kwenye steji. Taarifa zilikuja kwa vipande. Saa tano, duka halimpi bila picha nyingine inayoonyesha mhuri wa kliniki. Muuguzi akaipiga picha, akanitumia, nami nikaituma. Saa tano na nusu, amepata, anatafuta barafu kwa wauza samaki. Kisha akapiga akiuliza kama ni kweli dawa isiguse barafu, maana mwenye duka amemwambia ikiganda imeharibika. Nilimwambia ndivyo nilivyosoma: aweke magazeti katikati. Saa sita kasoro, gari limeondoka. Nikapewa namba ya dereva.

Gari lilikaa Rongo likingoja abiria. Nilimpigia dereva mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Mzee wangu, hii boksi yako imeandikwa kama mabango ya kanisa, haiwezi potea. Tulia." Sikumwelewa mpaka lilipofika, saa nane na dakika arobaini.

Kwenye ofisi ile ya kutuma vitu, karani huwa anadai kila mzigo uandikwe jina la mpokeaji na kilichomo, ili kikiharibika wasigombane. Watu wengi huandika "vitu vya nyumba" na kuondoka. Mke mwenza hakuandika hivyo. Alikuwa amepata boksi la povu gumu, lile jeupe la kubebea samaki, na pande zote nne aliandika kwa kalamu nene nyeusi: DAWA YA SARATANI YA TITI. YA MIKAYI WA BOMA LETU. Chini yake majina matatu kamili ya dada, na namba ya simu. Juu ya mfuniko: BARIDI. SI YA KUGANDA. USIWEKE JUA. USIKALIE. Nilisoma mara mbili. Katika maagizo ya kuitunza hakukosa hata moja kati ya yale yaliyokuwa kwenye boksi la kiwanda, na aliongeza moja ambalo kiwanda hakikufikiria.

"Nani wa saratani ya titi hapa?" utingo akaita, boksi likiwa begani.

"Mimi," nikasema, na steji nzima ikanigeukia. "Ni ya dada yangu."

Nilikwenda kliniki kwa pikipiki, boksi mapajani. Ndani palikuwa na mfuko wa barafu, magazeti, magazeti tena, na katikati boksi dogo la dawa na kibandiko cha kiwanda kwenye mdomo hakijakatwa. Mfamasia ndiye aliyekikata. Alisoma kwa sauti: jina, nguvu, bachi, tarehe ya kuisha, njia ya kuchoma. Muuguzi alirudia kila neno akilinganisha na karatasi ya daktari. Kisha wakamgeukia dada wakamwomba ataje majina yake yote. Aliyataja polepole, moja moja. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Nilitazama kupitia kioo cha mlango. Mfamasia alivaa gauni lenye mikono iliyobana na miwani, akafanya kazi ndani ya kabati la kioo, akavuta wekundu wote kwenye sindano kubwa, na ile sindano nayo ikapata lebo yake kabla haijatoka chumbani: jina la mgonjwa, jina la dawa, dozi, saa. Muuguzi aliisukuma kidogo kidogo kwenye mrija huku maji ya dripu yakitiririka, na kila mara alimuuliza dada kama panamchoma. Dada alisema hapana. Baadaye walimwambia mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, asiogope, naye akasema anajua, hii ni ya tatu.

Kichupa kile kilikuwa na lebo yenye kipande kidogo cha pembeni kinachobanduka, chenye jina na bachi. Sikuwa nimekigundua Jumatatu. Muuguzi alikibandua, akafungua daftari la dada, lile la shule la kurasa tisini na sita ambalo huandikiwa kila kitu, akakibandika kwenye tarehe ya siku hiyo.

"Hiki usikitoe," akasema.

"Sitoi."

"Nakujua sasa."

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipofika steji. Dada alichoka, akaketi kwenye benchi nje ya kibanda cha chai, na boksi jeupe tukaliweka kando yake, kwa sababu lilikuwa la kuazima na mke mwenza alikuwa ameshapiga simu mara mbili: mara ya kwanza kuuliza kama imeingia mwilini, mara ya pili kusema mwenye boksi la samaki analitaka kesho. Nilitaka kuligeuza maandishi yatazame ukuta, lakini pande zote nne zilikuwa zimeandikwa, kwa hiyo hakukuwa na upande wa kugeuza.

Mwanamke aliyekuwa na gunia la mihogo alilisoma. Alisoma upande mmoja, akazunguka kidogo akasoma wa pili, midomo ikicheza. Akamwangalia dada, kitambaa cha kichwa, mkono wenye plasta.

"Mama, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Wanatibu hapa, ama mpaka Kisumu?"

"Hapa."

Mwanamke alishusha sauti, ingawa mimi tu ndiye niliyekuwa karibu. Alisema ana shemeji yake anayekaa Asumbi, ana kitu hapa, akajigusa chini ya kwapa, na kwa miezi sasa wanampaka majani.

"Mlete Jumanne," dada akasema. "Afike mapema, foleni ni ndefu. Mwanzo watampima tu. Wakimwandikia dawa ya kununua nje, muisome kwanza, na muilete na boksi lake."

"Boksi lake?"

"Usitoe karatasi yoyote. Hata ndogo."

Mwanamke akasogeza gunia, akaketi. Nilikwenda kutafuta gari lenye nafasi ya mbele ili dada akae vizuri. Niliporudi walikuwa wameacha habari za dawa. Dada alikuwa ameinua ukingo wa kitambaa, anamwonyesha mahali nywele zilipoanzia kunyonyoka, na yule mwanamke ameinama karibu anatazama.